Pumzi Haiuzwi Dukani

Tuanze na jaribio dogo. Tafuta mrija wa kunywea soda, ule mwembamba. Kama una pumu au ugonjwa wa moyo, wewe usijaribu, mtazame tu mwenzako. Weka mrija mdomoni, bana pua kwa vidole, kisha pumua kwa kupitia mrija peke yake kwa dakika moja. Ukisikia kizunguzungu, utoe mara moja.

Sekunde 10 za kwanza utacheka. Zikifika 30 hutacheka tena. Sasa simama, mrija ukiwa bado mdomoni, tembea mpaka mlangoni na kurudi. Umeona? Kifua kinataka hewa, hewa haitoshi, na woga unaanza kupanda.

Wewe umeshautoa mrija, umevuta pumzi mbili tatu, mambo yamekwisha. Lakini wapo watu ambao mrija wao hautoki. Wanaamka nao, wanapika nao, wanapanda nao mlima wa kwenda sokoni, wanalala nao. Huenda mmoja wao ni bibi yako. Huenda mwingine ni yule mwenzako wa darasani ambaye kila asubuhi kwenye mchakamchaka anabaki nyuma, halafu anaitwa mvivu.

Sisi tumezoea kusema: "Bibi amezeeka." "Yule mvivu." "Kikohozi cha kuni tu hicho." Mazoea hayo ndiyo yanayowaumiza watu. Kukosa pumzi kila siku si uzee na wala si uvivu. Ni dalili ya ugonjwa wenye jina na wenye matibabu, na jinsi unavyogunduliwa mapema ndivyo pumzi nyingi zaidi inavyookolewa. Basi tuelewane vizuri.

KWANZA, IJUE MASHINE YENYEWE

Hewa unayovuta hupita puani, ikashuka kooni, ikaingia kwenye bomba la hewa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. Kila tawi nalo hugawanyika tena na tena, kama mwembe uliopinduliwa: shina juu, matawi chini. Mwisho kabisa wa vijitawi kuna vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya milioni. Ungeweza kuvikunjua vyote na kuvitandaza chini, vingefunika takriban mita za mraba 70, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira wa wavu. Nusu uwanja huo umekunjwa ndani ya kifua chako!

Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu na kabonidayoksaidi inapotoka. Kazi hiyo haina likizo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, awe macho au amelala.

Ndani ya mabomba kuna vinyweleo vidogo sana usivyoweza kuviona kwa macho. Kazi yao ni kufagia. Vumbi na vijidudu hunaswa kwenye ute, vinyweleo vinausukuma ute huo juu mpaka kooni, nawe unaumeza au unautema bila hata kufikiri. Kumbuka vinyweleo hivi, tutavirudia.

MAGONJWA MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Watu wengi wakisikia mtu anapumua kwa mlio kama filimbi husema, "Ana pumu." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine si kweli.

Pumu mara nyingi huanza utotoni. Mabomba ya hewa ya mwenye pumu ni mepesi kukasirika. Yakikutana na vumbi, moshi, baridi, manyoya ya paka, mafua au hata mbio za asubuhi, misuli inayoyazunguka hukaza, kuta zake huvimba kwa ndani, na ute huongezeka. Njia inakuwa nyembamba ghafla. Akipata dawa, njia hufunguka tena. Kwa hiyo pumu huja na kuondoka: leo mtu amebanwa, kesho anacheza mpira kama kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako dawa ni shida kupatikana.

Ugonjwa wa pili ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwenye kadi ya hospitali utauona umeandikwa kwa kifupi COPD. Huu hauji ghafla. Unajengwa polepole kwa miaka mingi ya kuvuta moshi au vumbi, na mara nyingi dalili zake huonekana mtu akishapita miaka 40. Mabomba hubaki yamevimba na kujaa makohozi wakati wote. Huko mwisho, kuta za vile vifuko huvunjika. Vyumba vidogo kumi vinakuwa chumba kimoja kikubwa kilicholegea, na ule uwanja wako wa wavu unaanza kupungua kipande kwa kipande. Kipande kilichokwenda hakirudi.

Pia mapafu hupoteza mvuto wake, kama lastiki ya sketi iliyochakaa. Kumbe shida kubwa ya mgonjwa haiko katika kuvuta hewa ndani. Iko katika kuitoa nje! Fikiria daladala iliyojaa: abiria wa ndani hawashuki, basi wale wa kituoni watapandia wapi? Hewa ya zamani imekwama kifuani, hewa mpya haina nafasi. Ndiyo maana utamwona mgonjwa amekunja midomo kama anayepuliza moto, anatoa hewa taratibu. Hajifanyi. Mwili wake umejifunza wenyewe kwamba hivyo ndivyo hewa inavyotoka vizuri zaidi.

Magonjwa yote mawili hayaambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye chumba kimoja. Ila kuna jambo moja la kuangalia: kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinaweza kuwa kifua kikuu, yaani TB, na hicho kinaambukiza. Hapo ni kwenda kupimwa tu, hakuna kubahatisha. Katika vituo vya serikali vya Tanzania, kipimo na dawa za TB hutolewa bure.

MBONA HATUSIKII HABARI ZAKE?

Swali zuri. Mwaka 2021 ugonjwa huu wa kuziba njia za hewa uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani, na ukawa wa nne kati ya magonjwa yanayoua watu wengi zaidi. Hata hivyo ni wangapi kati yetu waliowahi kulisikia jina lake?

Tazama hapa kwetu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kijijini Tanzania kwa watu wa miaka 35 na zaidi. Walipimwa pumzi kwa mashine. Katika kila watu 100, karibu 17 au 18 walikutwa na ugonjwa huu. Lakini waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wanao hawakufika hata 2 katika 100. Wengine wote walikuwa wanaishi nao bila kujua, wakikohoa, wakipumzika njiani, wakijisemea "umri huo".

Sababu ni kwamba ugonjwa unakwenda polepole, na mtu anajizoesha. Mama aliyekuwa akibeba ndoo ya lita 20 anaanza kubeba ya lita 10. Babu aliyekuwa akienda msikitini au kanisani kwa mguu anaanza kusali nyumbani. Hakuna siku moja anayoweza kukuonyesha na kusema, "Siku hii ndiyo nilianza kuumwa." Wewe uliye kijana, unayerudi nyumbani kila likizo, unaweza kuona tofauti ambayo wao wenyewe hawaioni.

MOSHI UNATOKA WAPI?

1. Jikoni. Mafiga matatu, kuni mbichi, chumba kisicho na dirisha. Hapo mama anapika, na mtoto yuko mgongoni. Duniani watu wapatao bilioni 2.1 bado wanapika kwa kuni, mkaa, mabua, kinyesi cha ng'ombe au mafuta ya taa. Katika moshi huo kuna chembe ndogo sana. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kuwa mnene mara 20 na zaidi kuliko chembe moja. Udogo wake ndio hatari yake, kwa sababu pua haiwezi kuzizuia. Zinapita moja kwa moja mpaka kwenye vifuko vya hewa. Kwa hiyo usishangae kumwona bibi ambaye hajawahi kushika sigara maishani mwake ana mapafu kama ya mvutaji.

2. Sigara. Hii ndiyo sababu namba moja katika nchi tajiri, na kwetu pia imo. Moshi wa sigara unapooza vile vinyweleo vya kufagia. Uchafu unabaki, na mwili unabakiwa na ufagio mmoja tu: kikohozi. Ukimwona mtu anakohoa kila asubuhi akishaamka, halafu anawasha fegi "ili kifua kifunguke", ujue mafagio yake yamekufa ganzi. Na yule anayekaa karibu naye anavuta moshi huohuo bure.

3. Shisha na bangi. Kijiweni utaambiwa, "Shisha haina neno, moshi unapita kwenye maji." Aa wapi! Maji yanaupoza moshi, hayausafishi. Katika kikao kimoja cha shisha cha saa nzima, mtu anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi. Bangi nayo ni moshi uleule wa majani yanayoungua, tena huvutwa kwa nguvu na kushikiliwa kifuani.

4. Vumbi la kazini. Wachimbaji madini, wapasua kokoto, wakata mawe na wafanyakazi wa viwanda vya pamba na katani hula vumbi mchana kutwa. Vumbi la mawe lina silika, ambayo hutia mapafu makovu yasiyofutika.

5. TB iliyopona. Dawa huua vijidudu, ila hazifuti makovu. Mtu anaweza kupona TB kabisa, asiwe anaambukiza tena, lakini akabaki na kifua kinachobana. Ndiyo sababu TB inatakiwa kutibiwa mapema, kabla haijala sehemu kubwa ya pafu.

"MIMI NINA MIAKA 16, YANANIHUSU NINI?"

Yanakuhusu sana, tena kuliko unavyodhani. Mapafu yako bado yanakua. Yanaendelea kuongezeka nguvu mpaka mtu afikie miaka 20 hadi 25 hivi. Baada ya hapo, hata mtu asiyevuta chochote huanza kupoteza pumzi kidogo kidogo kila mwaka. Hiyo ni kawaida, na akiba ni kubwa, haina tabu.

Fikiria ni kama kuweka akiba benki. Mpaka miaka 20 na kitu unaweka, baada ya hapo unatoa. Kijana anayeanza sigara kidato cha pili anafanya makosa mawili kwa mpigo: akiba yake haifiki ilipotakiwa kufika, na anaanza kutoa haraka kuliko wenzake.

Mwaka 1977, Waingereza wawili, Charles Fletcher na Richard Peto, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka 8 na kuwapima pumzi. Waliona kwamba wavutaji wanaodhurika na moshi hupoteza pumzi haraka zaidi kuliko wasiovuta. Waliona na jambo la pili: mvutaji akiacha, pumzi iliyopotea hairudi, lakini kasi ya kupoteza hushuka na kuwa kama ya mtu asiyevuta. Kwa hiyo hakuna siku ambayo umechelewa kuacha, ila kila siku unayongoja ina bei yake. Ukiacha ukiwa na miaka 17, unaacha ukiwa na karibu kila kitu mkononi.

MWENZAKO AKIBANWA NA PUMU

Ni mchakamchaka, saa 12 asubuhi, baridi na vumbi. Mwenzako amesimama, ameshika magoti, kifua kinalia. Wapo wanaocheka. Wewe fanya hivi:

1. Mkalishe wima, ainame mbele kidogo. Usimlaze. Legeza tai na vifungo. Ondoa watu wanaomzunguka, na mwondoe kwenye moshi au vumbi. Zungumza naye kwa utulivu.

2. Mpe dawa yake ya kuvuta, ile ya kufungua njia ya hewa, ambayo kidude chake mara nyingi ni cha buluu. Kitikise. Bonyeza mara moja, avute taratibu na kushikilia pumzi kadiri anavyoweza. Rudia mpaka zitimie mara 4, moja moja.

3. Kama kuna chupa ya kupitishia dawa, itumie: bonyeza mara moja ndani ya chupa, apumue mara 4, kisha bonyeza tena.

4. Ngoja dakika 4. Kama hajapata nafuu, rudia zile mara 4.

5. Bado? Hospitali, sasa hivi. Bajaji, pikipiki, gari la mwalimu, chochote kilichopo. Njiani endelea kumpa dawa hivyohivyo.

Usingoje hata kidogo ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi moja, midomo inakuwa ya kijivu au ya buluu, ngozi katikati ya mbavu inazama ndani kila akivuta hewa, au anasinzia. Na jihadhari: kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, si nafuu hiyo. Ni kwamba hewa haipiti kabisa.

Usimfukize moshi wa dawa yoyote. Usimpe mfuko apumulie. Usimlazimishe kunywa maji.

Hiyo chupa ya kupitishia dawa inauzwa ghali, lakini kuna habari njema kutoka Afrika hapahapa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, wakiongozwa na Profesa Heather Zar, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya soda au maji, inafanya kazi sawa na ile ya dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Tundu hutobolewa kwenye kitako cha chupa, lilingane na mdomo wa kidude cha dawa na lisiache mwanya. Mgonjwa anapumulia kwenye mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

UONGO NA UKWELI

"Dawa ya kuvuta inazoesha, ukianza huachi." Uongo. Haina ulevi. Mtu anaitumia kila siku kwa sababu ugonjwa upo kila siku, kama miwani. Ila kuna kosa ambalo wengi hulifanya: kutegemea kidude cha buluu peke yake. Hicho hufungua njia kwa saa chache, lakini hakiondoi uvimbe wa ndani. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kushauri watu wa miaka 12 na zaidi watibiwe kwa dawa hiyo pekee. Inatakiwa iwepo na dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe. Kama unatumia cha buluu karibu kila siku, pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kwa daktari.

"Maziwa yanasafisha vumbi kifuani." Uongo. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti. Kunywa maziwa, ni chakula kizuri, lakini vumbi linazuiwa kwa kulowesha maji mahali pa kazi na kuvaa barakoa inayobana vizuri usoni.

"Mwenye pumu asicheze michezo." Uongo. Pumu ikidhibitiwa, mtu anacheza. Mazoezi yanamsaidia. Anachohitaji ni dawa yake kuwa karibu, kupasha mwili joto taratibu kabla ya mbio, na mwalimu anayejua hali yake. Mwenye pumu, mwambie mwalimu wako mapema, na dawa yako isikae bwenini ndani ya sanduku lililofungwa kufuli. Ikae mfukoni.

"Amerogwa." Wanaosema hivyo humchelewesha mgonjwa nyumbani. Pumu iliyobana haingoji.

ZUNGUMZA NA BIBI

Sasa umejua. Umerudi nyumbani likizo. Utaanzaje? Hutaingia jikoni na kumhubiria mtu aliyekupikia tangu ukiwa mdogo. Anza kwa heshima:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, zamani tulikuwa tunakwenda kisimani na kurudi bila kupumzika. Juzi nimekuona umekaa chini mara mbili."

"Aa, uzee huo. Na hizi kuni zenyewe mbichi."

"Bibi, tumesoma kwamba huenda si uzee. Kuna kipimo, unapuliza tu kwenye mashine, hakuna sindano. Jumatatu nikusindikize?"

Kipimo hicho kinaitwa spirometa. Mtu anavuta pumzi mpaka mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu zote, na mashine inaonyesha hewa inatoka kiasi gani na kwa kasi gani. Si kila zahanati inacho. Mara nyingi kiko hospitali kubwa, hivyo ombeni rufaa. Bibi akikutwa na ugonjwa, asivunjike moyo. Zipo dawa za kuvuta zinazopanua njia, yapo mazoezi ya kutembea na ya kupumua yanayomrudishia nguvu, na zipo chanjo za kumkinga na maambukizi ya kifua. Hazirudishi vifuko vilivyovunjika, lakini zinaweza kumwezesha kwenda tena sokoni kwa miguu yake. Na muhimu kupita zote ni kumwondoa kwenye moshi.

Hapo kwenye moshi tuwe wakweli. Huko Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha zaidi ya watoto 10,000 uliona kwamba kugawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, peke yake, hakukupunguza nimonia ya watoto. Moshi kidogo bado ni moshi. Kinachotakiwa hasa ni nishati safi: gesi, umeme, bayogasi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka 10 wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zikiwemo shule, nazo zilitakiwa kuacha kuni na mkaa. Hebu chungulia jiko la shule yenu. Yule mpishi anayekoroga ugali wa watu 400, anapumua nini?

Gesi ikiwa bado haijafikika nyumbani, hatua hizi ndogo zinasaidia kiasi: kupikia nje au kwenye jiko lenye matundu mapana ya kutolea moshi, kukausha kuni vizuri, kuloweka maharage usiku ili yaive haraka, na kuwatoa watoto jikoni. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu huua watu usingizini. Na wewe kaka unayesoma hapa, shika mwiko siku mbili tatu kwa wiki. Moshi haujui nani msichana nani mvulana. Sisi ndio tuliompa mmoja alale nao.

JIPIME

Jibu ndiyo au hapana, kwa ajili yako au ya mtu wa nyumbani:

1. Anakohoa karibu kila siku?
2. Anatoa makohozi karibu kila siku?
3. Anaishiwa pumzi kwa kazi ambayo wenzake wa umri wake wanaifanya bila shida?
4. Kifua hulia kama filimbi, hasa usiku au alfajiri?
5. Amevuta sigara, amepika kwa kuni au amefanya kazi ya vumbi kwa miaka mingi?

Zikifika "ndiyo" mbili, nendeni mkapime. Akiwa kijana huenda ni pumu, na inadhibitika. Akiwa mtu mzima huenda ni ule ugonjwa usiojulikana jina. Akikohoa damu, au akiwa anakonda na kutoka jasho usiku, msingoje hata wiki.

Na kesho kwenye mchakamchaka, ukimwona mwenzako amebaki nyuma ameshika magoti, usimpigie miluzi. Kumbuka ule mrija. Rudi nyuma, umuulize jambo moja tu: "Dawa yako iko wapi?"